Televisheni ya SD Arusha na Moshi: tuizike au tuilishe?

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme katikati ya Arusha utakuta ukutani TV za inchi 43, 55, hata 65, zote zikionyesha video ya majaribio ya 4K: kasuku, maporomoko, matunda yanayodondoka kwenye maji. Mnunuzi anaifikisha nyumbani Sakina au Njiro, anachomeka king'amuzi chake cha antena, anafungua taarifa ya habari, na uso wa mtangazaji unatoka laini kupita kiasi, hauna kope wala mikunjo. Maandishi yanayopita chini ya kioo yana ukungu. Hapo lawama zinaanza, na karibu zote zinaishia kwenye herufi mbili: SD, yaani picha ya ubora wa kawaida, iliyo chini ya HD.

Mjadala wenyewe una kambi mbili. Ya kwanza inasema SD ni mabaki ya enzi za TV za chogo, izimwe kama tulivyozima analojia. Ya pili inasema tusiiguse, kwa sababu huko mabondeni Kibosho na upande wa pili wa Meru, njia ya kwenda Namanga, hiyo SD ndiyo picha inayofika. Mimi niko karibu zaidi na kambi ya pili, ila kwa sharti ambalo kambi hiyo haipendi kulisikia.

Tuanze na kinachobishaniwa. Picha kamili ya SD kwa nchi zetu ina mistari 576 kutoka juu hadi chini, na kila mstari una pikseli 720. Namba hizo hazikuokotwa. Zimetoka kwenye PAL, mfumo wetu wa zamani wa TV ya analojia, uliokuwa na mistari 625, ambayo 49 kati yake haikuonekana kwenye kioo. Ilitumika kuupa mwale wa TV ya chogo muda wa kurudi juu kuanza upya. Mwaka 1982 wataalamu wa kimataifa wa utangazaji walikubaliana namna moja ya kuigeuza picha hiyo kuwa namba, na makubaliano hayo, yanayojulikana kama BT.601, ndiyo mifupa ya SD ya kidijitali hadi leo. Picha zinakuja 25 kwa sekunde, kila moja imegawanywa nusu mbili: kwanza mistari ya namba witiri, kisha ya namba shufwa. Jicho linapata nusu 50 kwa sekunde, sawa na umeme wetu wa hezi 50. Marekani, wenye umeme wa hezi 60, SD yao ina mistari 480 tu lakini picha karibu 30 kwa sekunde. Kwa hiyo hata ndani ya SD kuna kupata na kukosa: sisi tuna mistari mingi zaidi, wao wana mwendo laini zaidi.

Wengi husahau kwamba SD ya kidijitali si analojia iliyobadilishwa jina. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, Arusha na Moshi zikafuata mwaka 2013, mapema kuliko ukomo wa kimataifa wa 17 Juni 2015 uliowekwa na mkataba wa Geneva wa 2006. Aliyekuwa na TV kabla ya hapo anakumbuka chenga, na anakumbuka vivuli: mchezaji mmoja anaonekana wawili kwa sababu mawimbi yalifika mara mbili, moja kwa moja kutoka mnarani na mara ya pili baada ya kugonga mlima. Katika mji ulio chini ya mlima wa mita 4,566 hilo halikuwa jambo dogo. Dijitali ilifuta vivuli hivyo vyote, na ikavifuta bila kuongeza mstari hata mmoja kwenye picha.

Sasa tuje kwenye kubana, maana ubora wa SD unaamuliwa hapo kuliko mahali pengine popote. Picha ya SD isiyobanwa, hata baada ya kupunguza taarifa za rangi kama inavyofanyika kwa kawaida, inahitaji takriban megabiti 124 kwa sekunde. Hakuna chaneli ya hewani inayopewa hizo. Kwa mbinu ya MPEG-2 ya miaka ya 1990, SD nzuri ilihitaji kama megabiti 4 hadi 6. Kwa H.264 iliyotoka mwaka 2003, ambayo ving'amuzi vyetu vinaitumia, megabiti 2 zinaweza kutosha. Hiyo ni kuibana picha zaidi ya mara 60. Inawezekana kwa sababu mtambo haurushi kila picha nzima. Unarusha moja kamili, kisha kwa zinazofuata unarusha tofauti tu: mkono umesogea hapa, ukuta haujabadilika, acha ulivyo. Msomaji wa habari aliyekaa mezani anabanika kirahisi mno. Uwanja wa mpira wenye nyasi elfu elfu, mashabiki wanaorusha karatasi na mvua inayonyesha haubaniki, kwa sababu karibu kila kitu kinabadilika kila sekunde.

Mwenye mtambo akiipa chaneli megabiti moja badala ya mbili, habari zitapita, lakini mpira utavunjika vipande vya mraba. Nyasi zitakuwa zulia la kijani lisilo na majani, na kila kamera inapogeuka ghafla picha itachelewa kujipanga. Wengine hupunguza pikseli za upana kutoka 720 hadi 544 ili wabane zaidi, na bado huitwa SD. Mtazamaji anachokiona siku hiyo ni SD yenye njaa, halafu anahukumu SD nzima kwa hiyo.

Kwa nini wenye mitambo wanabana hivyo? Ni hesabu. Nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, zilichagua kwa wingi DVB-T2, mfumo wa Ulaya wa kurusha TV ya dijitali kwa antena (Botswana ikajitenga na kufuata wa Japani). Masafa yaliyobeba chaneli moja ya analojia, upana wa megahezi 8, kwa DVB-T2 yanaweza kubeba kama megabiti 40 kwa sekunde. Kwa SD za megabiti 2 hizo ni chaneli 20. Kwa HD za megabiti 8 ni chaneli 5. Kila chaneli ni mteja anayelipia nafasi yake mnarani, kwa hiyo kishawishi cha kuingiza ya 21, ya 22, na ya 25 kipo muda wote.

Lakini hizo megabiti 40 zenyewe zina masharti, na masharti hayo yanawahusu watu wa milimani kuliko watu wa tambarare. Mnara unaweza kupakia taarifa nyingi au chache katika kila chembe ya wimbi. Ukipakia nyingi, yaani hali inayoitwa 256-QAM, unapata hizo 40, lakini mawimbi yanakuwa dhaifu mbele ya kelele na vizuizi. Ukipakia chache, 16-QAM yenye kinga kubwa ya makosa, unabaki na megabiti kama 15 tu, ila king'amuzi kinaweza kusoma mawimbi yenye nguvu takriban mara kumi pungufu. Mitambo ileile, mnara uleule, umeme uleule. Kilichobadilika ni nani anafikiwa.

Mawimbi ya UHF, haya yanayobeba TV ya antena, yanapenda kusafiri kwa mstari ulionyooka, na miteremko ya Kilimanjaro haikuumbwa kwa ajili ya mistari iliyonyooka. Imekatwa na makorongo marefu ya mito inayoshuka kutoka msituni. Nyumba iliyoko mgongoni inaona Moshi mjini kote; jirani yake aliyeko chini korongoni, hatua mia tano tu, amezungukwa na udongo na migomba. Wa kwanza anapata chaneli zote kwa antena ya ndani. Wa pili anapandisha bomba la mita sita juu ya bati na bado anasubiri. Dijitali imemwongezea ukatili wake: haifi polepole kama analojia. Analojia ilimpa chenga akasikia hata sauti. Dijitali inamganda, inatoa sauti za kukatika, kisha kioo cheusi na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Mpaka kati ya picha safi na kioo cheusi ni mwembamba, na upepo au mvua vinatosha kumvusha.

Upande mmoja tu mlima umepoteza nguvu zake. Mwangwi uliozunguka kilomita 10 zaidi kabla ya kufika kwenye antena huchelewa kama mikrosekunde 33, na DVB-T2 inaweza kupangwa ivumilie ucheleweshaji wa zaidi ya mikrosekunde 200. Ndiyo maana Meru haitoi tena vivuli. Siku hizi inatoa giza tu kwa walio nyuma yake.

Hapo ndipo hoja ya kuzima SD na kuhamia HD yote inapokwama. Ukitaka HD nyingi kwenye masafa yaleyale, unalazimika kupakia taarifa nyingi katika kila wimbi, na wa kwanza kupoteza picha ni yule wa korongoni. Anayedai HD kutoka ghorofani Njiro anaomba, bila kujua, kitu kitakachozima TV ya mtu wa Machame. Unaweza kumfikia kwa kuongeza mitambo midogo ya kujaza mapengo, lakini kila mtambo unataka umeme, barabara, mlinzi na fundi, na chaneli za bure hazina mteja wa kulipia hayo.

Hata hivyo kambi ya HD ina hoja ambazo hazikatiki kwa kutaja milima tu. Picha ya HD ya mistari 1080 ina pikseli 2,073,600. SD ina 414,720. Ni mara tano kamili. 4K ni mara 20. Swali la haki ni kama jicho lako linaziona hizo tano, na jibu linategemea unakaa wapi. Jicho zima la mtu linaanza kushindwa kutenganisha mistari ya SD pale umbali unapofika kama mara 6 ya urefu wa picha kwenda juu. Kwa HD ni kama mara 3. TV ya inchi 32 ina kioo cha kimo cha sentimita 40, kwa hiyo ukikaa mita 2.4 SD nzuri inakutosha na HD itakuongezea kidogo sana. TV ya inchi 55 ina kimo cha sentimita 68. Ili SD iwe safi juu yake unatakiwa ukae mita 4.

Sebule za kupanga Kaloleni au Pasua, zenye mita tatu kwa tatu na kochi limeegemea ukuta, haziwezi kumpa mtu mita 4. Watu walinunua TV ndogo wakati wa chogo kwa sababu ndizo zilizokuwepo, na SD ikawatosha. Bei za TV za flati zilipoporomoka, vyumba havikupanuka. Kwa hiyo mwenye inchi 55 anayelalamika hadeki. Anaona kasoro ambazo ni za kweli, na duka lililomuuzia halikumwambia kwamba picha ya 4K ya ukutani haitatoka kwenye antena.

Kwenye vibanda umiza hali ni mbaya zaidi. Projekta inatupa picha kwenye shuka la upana wa mita mbili na watu wa mbele wamekaa karibu kuigusa. Hapo SD inaumbuka: namba ya mgongoni haisomeki, na mpira uliopigwa juu kwenye jukwaa lenye watu hupotea kabisa kwa sekunde mbili. Mpira ndiyo maudhui yanayoihitaji HD kuliko habari, bunge, au tamthilia. Nchi zilizoamua kuhama zilihama kabisa. Ufaransa ilipeleka televisheni yake ya antena kwenye HD tarehe 5 Aprili 2016, na Hispania ikaifunga SD tarehe 14 Februari 2024. Walikuwa na minara mingi na watu wenye uwezo wa kubadilisha vifaa, lakini waliamua, na hawakurudi nyuma.

Kabla hatujaipa SD lawama zote, kuna jambo dogo la waya. Ving'amuzi vingi bado vinaunganishwa kwa nyaya tatu za AV, ule wa njano wa picha na mwekundu na mweupe wa sauti. Waya wa njano unaichukua picha iliyosafiri kidijitali kutoka mnarani mpaka sebuleni, unaigeuza tena kuwa analojia ya PAL, na kuchanganya ung'avu na rangi kwenye waya mmoja. TV inajitahidi kuvitenganisha, inashindwa, na kingo za herufi nyekundu zinaanza kutambaa. Ukichomeka HDMI, waya unaopeleka picha ikiwa bado dijitali, kwenye king'amuzi kilekile, chaneli ileile, utadhani umehamia kifurushi kingine. Ukiwa huko kwenye menyu, angalia pia umbo la picha. SD ya kioo cha zamani cha 4:3 na ile ya kioo kipana cha 16:9 zote zinarushwa na pikseli zilezile 720 kwa 576. Kinachozitofautisha ni agizo dogo linalosafiri na picha. Agizo likipuuzwa, mawaziri wote wananenepa. Fundi anayetundika TV kwa haraka ili awahi nyumba nyingine haangalii haya, na kusema kweli hakulipwa kuyaangalia.

Kuna tatizo la TV zenyewe pia. Kioo bapa hakijui kuonyesha nusu picha, kwa hiyo lazima kiunganishe zile nusu 50. TV za bei rahisi zinaziunganisha vibaya, na kingo za mchezaji anayekimbia zinatoka na meno. Chogo haikuwa na shida hiyo, kwani SD ilizaliwa kwa ajili yake. Ndiyo maana wazee wengine wanasisitiza kwamba TV yao ya zamani ilikuwa na picha bora, na hawadanganyi.

Kuhusu kuhamia kwenye dishi au intaneti nitakuwa mfupi. Dishi halijali korongo mradi uwe na nafasi ya kuitazama anga upande unaotakiwa, na lina nafasi ya HD tele, lakini mvua kubwa za masika hulikata, na chaneli nyingi zinazovutia ni za kulipia kila mwezi. Intaneti nayo inauzwa kwa bando. Video ya SD ya megabiti 2 kwa sekunde inakula kama GB 0.9 kwa saa. HD ya megabiti 5 inakula 2.25. Mechi moja pamoja na mapumziko na uchambuzi ni saa mbili. Mwenye simu ya inchi 6 anayechagua HD kwa mechi hiyo anachoma zaidi ya GB 2.5 za ziada kwa ubora ambao mkononi hatauona sana. Huko mtandaoni SD imejichagulia nafasi yake, na hakuna anayeipigia kelele.

Sharti langu kwa wanaoitetea SD ni hili: waache kutumia milima kama kisingizio cha kuikondesha. Anayerusha SD ya megabiti moja hamsaidii mtu wa Kibosho. Kinachomfikia mtu wa Kibosho ni namna mawimbi yanavyopakiwa, na ndani ya nafasi hiyo mwenye mtambo anaweza kuchagua chaneli 15 zilizoshiba au 25 zenye njaa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, inatoa leseni za kurusha; ingekuwa busara leseni hizo ziwe na kiwango cha chini cha megabiti kwa kila chaneli, na kiwango hicho kiandikwe mahali ambapo mwananchi anaweza kukisoma. Leo mnunuzi wa mchele anajua kilo, mnunuzi wa bando anajua GB, ila mnunuzi wa king'amuzi anaambiwa idadi ya chaneli tu.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON, na Arusha ina uwanja wake wa watu 30,000 kwa ajili hiyo. Watakaoingia ni hao 30,000. Wengine wote wa mkoa huu na wa jirani watatazama nyumbani na vibandani. Sioni sababu ya mechi hizo kutoonekana kwa HD kwenye antena za bure, walau chaneli moja. Masafa yanayobeba megabiti 30, ambayo ni mpangilio wa kati usiowatupa watu wa miteremkoni, yanaweza kutoa 8 kwa HD ya mpira na kubakiza 22 kwa SD 11 zenye afya. Chaneli zitapungua, na baadhi ya wenye chaneli watapiga kelele.

Wapo wanaopendekeza kuikwepa hesabu hiyo kwa kuhamia H.265, mbinu ya mwaka 2013 inayobana karibu mara mbili ya H.264. Kwenye karatasi inaleta HD bila kumfukuza mtu. Lakini ving'amuzi vya zamani vilivyoko majumbani havina chipu ya kuifungua, na mtu aliyelazimishwa kununua kimoja mwaka 2013 hatapenda kuambiwa anunue kingine kabla hajaona mpira wenyewe. Wakitaka njia hiyo, waanze na TV mpya zinazoingia nchini. Nyingi zinafungua H.265 zenyewe, kwa hiyo chaneli mpya ya HD ianzie huko na SD iendelee pembeni mpaka ving'amuzi vya zamani vife vyenyewe.